Jaji wa Tetere na Sikio la Kushoto

Kama Mwenyezi Mungu angegawa masikio kwa kilo, Pak Salae wa Kampung Jering, kijiji kilicho karibu na mpaka wa Malaysia, angekuapia kwamba yeye alipimiwa mara mbili na wenzake wakaambulia makombo. Maneno hayo aliyasema kila asubuhi kwenye mgahawa wa chai wa Pak Duramae, ambako wazee walikaa kila mmoja chini ya tundu la tetere wake, chai ya maziwa mkononi, na wali wenye budu, mchuzi wa samaki waliochachushwa, mezani.

"Wengine mmepewa masikio ya kushikia miwani," aliwaambia. "Haya yangu ni ya kazi."

Na ukweli usemwe, maana kumsingizia mtu ni dhambi hata kama anajitakia. Masikio ya Pak Salae yalikuwa ya kazi. Miaka thelathini na mmoja alikuwa jaji wa mashindano ya tetere. Uwanjani hupandishwa matundu sitini juu ya milingoti sitini. Ndege wote wanalia kwa pamoja, na wenye ndege nao, kila ndege wao akifungua mdomo, wanapiga makelele kama watu wanaoibiwa. Katikati ya vurugu hiyo jaji anapita chini taratibu, mikono nyuma, anamsikiliza mmoja mmoja. Sauti ya mbele imevutwa vya kutosha? Ya kati ina midundo mingapi? Ya mwisho imeshuka polepole, au imekatika kama kamba ya kisima? Akiridhika anainua kidole, na kibendera kinachomekwa chini ya mlingoti. Pak Salae aliweza kusimama chini ya namba kumi na nne na kukuambia kwamba namba arobaini, kule upande wa pili, ana mafua.

Nyumbani mambo yalikuwa mengine.

Nyumbani mkewe, Mak Esoh, alikuwa amemwita kula kwa miaka thelathini na mitano, na kwa hesabu yake aliitikiwa kwa mwito wa kwanza mara mbili tu: siku ya pili ya ndoa yao, na siku ile paka alipopanda kwenye upenu penye tundu. Siku nyingine zote ilikuwa hivi, akimwita Abe, yaani kaka, kama wake wa huko wanavyowaita waume zao.

"Abe, wali umeiva."

Kimya.

"Abe, wali unapoa."

Kimya.

"Abe, nyumba inaungua."

"Ehe."

Hiyo "ehe" ilikuwa inatoka yenyewe, kama mlango wa nyumba tupu unavyogonga upepo ukivuma. Anayepita njiani hudhani wenyewe wapo.

Basi jioni moja Pak Salae alikuwa upenuni, shingo ameinyoosha, anamsikiliza kinda mpya aliyeanza kujifunza kulia. Mak Esoh akaja akaketi karibu, akajifuta mikono kwenye upindo wa sarong yake. Alikuwa na neno zito. Binti yao wa mwisho, Rusnani, alikuwa ameposwa na Afandi, kijana anayepika supu ya tomyam kwenye hoteli moja kule Malaysia, kama nusu ya vijana wa kijiji.

"Abe, wakwe wamekuja leo."

Tetere akalia. Pak Salae akafumba macho.

"Afandi kapewa likizo ya siku nne tu, wala haziongezeki. Wanaomba ndoa ifungwe Jumamosi ya pili ya mwezi ujao, saa tatu asubuhi, hapo msikitini. Wewe ndiye walii wa kumwozesha, bila wewe hakuna neno. Unasemaje?"

Tetere akalia tena. Sauti ya kati ilikuwa nzuri mno.

"Ehe," akasema Pak Salae.

"Umekubali?"

"Ehe, ehe."

Mak Esoh akainuka, akamshukuru Mungu, akaipeleka ile "ehe" kwa wakwe kama vile ni neno la mtu mzima. Wakwe wakaipokea kwa mikono miwili. Mbuzi wakaagizwa.

Wiki moja baadaye chama cha tetere kikatangaza mashindano makubwa ya mwaka. Jumamosi ileile ya pili ya mwezi, kuanzia saa moja na nusu asubuhi, kwenye uwanja ulio nyuma ya msikiti. Mak Esoh alimkumbusha mumewe mara mbili: mara moja asubuhi wakigema utomvu wa mpira, mara moja akimkanda mgongo. Mara zote mbili alijibiwa ehe. Akajua mumewe ameamua kuliacha lile shindano kwa ajili ya binti yake. Akamwona mume mwema. Kumdhania mtu mema ni sunna, na yeye hakukosea kwa hilo.

Pak Salae kwa upande wake alikuwa na msiba wa peke yake. Katibu wa chama, Che Mudo, kijana wa miaka thelathini na miwili anayevaa miwani ya jua hata mvua ikinyesha, alimjia mgahawani akavuta kiti.

"Pak Salae, shikamoo. Watu wanasema."

"Watu wana midomo, watasema."

"Wanasema mwaka jana namba ishirini na saba alilia kama malaika, wewe ukapita kama umepita kwenye mgomba."

"Namba ishirini na saba alikuwa na kikohozi."

"Basi wanasema umri, Pak. Sitini na tatu. Masikio nayo yanastaafu. Mwaka huu kamati inafikiria jaji mkuu awe kijana kidogo." Akarekebisha miwani yake, ili anayeambiwa asipate taabu ya kukisia ni kijana gani.

Pak Salae akakitua kikombe kwa kishindo, chai ikamwagika kwenye kisahani. Msicheke. Miti yake ya mpira ilikuwa haba, na swala zake, Mungu ndiye anayejua. Kitu alichokuwa nacho duniani ni ule ukanda wa kijani wa jaji mkuu, unaovaliwa begani siku moja kwa mwaka, na kile kiti pekee cha uwanjani chenye mahali pa kuegemeza mikono.

"Nitakuletea cheti," akasema.

"Cheti cha nini?"

"Cha masikio!"

Mungu si Athumani. Wiki hiyohiyo Nuriha, binti wa Pak Duramae mwenye mgahawa, akarudi nyumbani kutoka chuo kikuu. Alikuwa daktari wa kusoma, si wa sindano. Baba yake alijivunia kazi yake miaka minne bila kujua ni kazi gani. Sasa alikuja na kompyuta, na kofia ya mpira yenye nyaya nyingi kama kichwa cha mtu anayesukwa, akasema anatafuta watu ambao kusikiliza ndiyo kazi yao.

"Umefika!" Pak Salae akasimama. "Usihangaike kwa wengine, hawa wanasikiliza tumbo."

"Kofia hiyo inauma?" akauliza mzee mmoja.

"Haiumi, Pak. Inasikiliza tu."

"Inasikiliza nini?"

"Ubongo wa mtu anaposikiliza."

"Kwa Salae italala njaa," akasema Pak Duramae, na mgahawa wote ukacheka.

Nuriha alikuwa na adabu, hakucheka. Alieleza taratibu, na kwa kuwa alikulia pale alijua aeleze kwa mfano gani.

"Kichwani mna seli za ubongo nyingi mno, na zinafanya kazi kwa makundi. Sauti zote za dunia zikiingia kwa pamoja, kila kundi linanung'unika la kwake. Ni kama msikitini kabla ya swala. Huyu anaongea bei ya mpira, yule anakohoa, husikii chochote. Sasa imamu akimaliza Fatiha?"

"Amin," wakajibu wazee kwa pamoja, na tetere wakashtuka.

"Mmeona? Watu ni walewale, na si kwamba kila mmoja amepaza sauti. Wamesema kwa wakati mmoja, ndiyo maana ukuta umetikisika. Ukitia nia kwenye sauti moja, kundi la seli linaloishika sauti hiyo linaanza kupiga pamoja namna hiyo. Kofia inaisikia hiyo amin."

"Na makundi mengine?"

"Yanapunguzwa. Yanaambiwa nyinyi nyamazeni, kuna mgeni wa maana. Ila kuna seli zinazobaki mlangoni kama walinzi. Jina lako likitajwa pembeni, au la mtu wako, zinagonga kukuita. Kwa wengine lakini. Kwa wengine mlinzi naye amelala."

"Wa Salae alihama na mkoba wake," akasema Pak Duramae.

Pak Salae hakumjali. Alikuwa ameshakaa, kichwa ameinamisha, anangoja kofia yake kama sultani anayengoja taji.

Kipimo kilifanyika chumba cha nyuma, kati ya magunia ya sukari. Aliwekewa visikizio. Sikio la kulia lilipelekewa mlio wa tetere, na la kushoto sauti ya mtu anayeongea, kwa wakati mmoja, dakika tano. Nuriha akamwambia asikilize wa kulia tu, na kila mlio ukiwa kamili abonyeze kitufe. Pak Salae alibonyeza na kuacha, akabonyeza na kuacha, uso umetulia kama wa mtu aliye peponi. Walipomaliza Nuriha akamuuliza maswali kumi.

"Sikio la kushoto, Pak, aliongea nani?"

"Kulikuwa na kelele fulani."

"Mwanamume au mwanamke?"

"Redio, nadhani. Kwani nilikuja kusikiliza redio?"

Nuriha akaandika kitu, akainamisha uso.

Siku ya majibu Pak Salae alitaka mgahawa ujae. Alimwalika Che Mudo kwa jina. Nuriha alikuja na karatasi zake, akamvuta mkono mzee.

"Pak Salae, twende pembeni kidogo tuongee."

"Pembeni kwa nini? Ubongo wangu una aibu gani? Soma hapahapa!"

"Pak, kuna sehemu ya kushoto ambayo..."

"Soma, mwanangu. Soma kwa sauti, Che Mudo ana masikio madogo."

Nuriha akasoma. Masikio yenyewe yalikuwa yamezeeka kama ya mtu yeyote wa umri wake, na sauti nyembamba sana hayazipati tena. Che Mudo akatabasamu nyuma ya miwani. Lakini kwa mlio wa tetere, kati ya milio hamsini, Pak Salae alipata arobaini na tisa. Seli zake zilipiga pamoja kwa namna ambayo Nuriha hakuwahi kuiona kwa watu arobaini aliowapima, wakiwemo wanamuziki.

"Watu wengine amin yao inapishana kidogo," akasema. "Yako ilikuwa kama ya mtu mmoja."

Wazee wakapiga meza. Pak Salae akamgeukia Che Mudo, akanyoosha kiganja. "Ukanda wangu."

"Una haki, Pak," akasema Che Mudo kwa shida. "Kiti ni chako."

Hapo angeshukuru, angekunywa chai yake, angekwenda nyumbani. Lakini mwenye kiburi akishiba hutaka na sahani.

"Na upande wa kushoto? Waambie! Waambie niliambulia maswali mangapi."

"Sifuri, Pak. Kati ya kumi."

"Sifuri!" Akasimama kwa furaha. "Mmesikia? Hiyo ndiyo kazi ya jaji! Sauti isiyo na faida haivuki kizingiti!"

"Hata jina lako lilitajwa mara sita."

"Mara sita! Sikusikia hata moja!"

Pak Duramae akajikuna kidevu. "Hebu tuisikie na sisi hiyo sauti isiyo na faida."

"Hapana, baba," akasema Nuriha.

"Iweke!" Pak Salae akaamuru. "Mnaficha nini? Iweke wasikie nilichokishinda."

Nuriha akamtazama kwa huruma, akabonyeza.

Alikuwa Mak Esoh. Siku ile, kabla ya kipimo, alifika mgahawani kununua sukari, Nuriha akamwomba aongee kwenye kinasa sauti, chochote, dakika tano. Mak Esoh akauliza jambo moja tu: "Hiki kitanisikiliza mpaka mwisho?" Akaambiwa ndiyo. Akafunga mlango.

Sauti yake ilitoka pale katikati ya vikombe, ya upole kama kawaida yake.

"Bismillahi. Nimeambiwa niseme chochote. Salae, ni mimi. Jumamosi ya pili ya mwezi, saa tatu, Rusnani anaolewa. Nilikuambia upenuni, ukasema ehe. Nikakuambia shambani, ukasema ehe. Nikadhani unajua. Jana nimekuona unapiga pasi shati la ujaji, nikajua hujui. Salae, nimeshindwa nikuambie vipi. Siku moja niliwaza nimwombe Mungu anigeuze tetere, nikaona ni kufuru, nikastaghafiru. Mbuzi wawili wameshaagizwa. Rusnani anauliza kama baba atavaa kofia ya songkok nyeusi au ile ya zari. Salae, mtoto anauliza. Salae, sikuombi unisikilize mimi, mimi nimeshazoea. Huyu hajazoea..."

Iliendelea hivyo. Hakuna aliyegusa kikombe. Tetere mmoja alilia, mwenyewe akamfunika tundu kwa kitambaa haraka, kama mtu anayemziba mtoto mdomo matangani.

Ilipokwisha, Pak Duramae alisema polepole, "Sikio la kufa halisikii dawa."

Che Mudo alivua miwani. Pengine hakuna mtu pale aliyekuwa ameyaona macho yake kabla ya siku hiyo.

Pak Salae alirudi nyumbani kwa hasira, maana hasira ndiyo nguo ya kwanza anayoivaa mwenye kuaibika.

"Umenianika mbele za watu!"

"Mimi niliongea na mashine, Abe," akasema Mak Esoh, anakatakata majani ya kuchanganya kwenye wali. "Uliyetaka isikike ni wewe."

"Kwa nini hukuniambia mapema?"

Mak Esoh akaacha kisu, akamtazama. Akarudia kukata.

"Siku ibadilishwe."

"Likizo ya Afandi ni siku nne."

"Mashindano hayawezi kubadilishwa. Watu wanatoka Yala, wanatoka mpaka Kelantan!" Akazunguka jikoni, akapata la kusema. "Nitampa imamu uwakala. Sheria inaruhusu. Wazazi wangapi wanamwachia imamu afungishe? Nitamaliza raundi zangu, nitakuja kula."

"Sheria inaruhusu," akasema Mak Esoh.

Rusnani alikuwa sebuleni anashona shanga kwenye shela yake. Baba yake akaenda akasimama mlangoni.

"Umesikia, mwanangu? Imamu ana sauti nzuri kuliko mimi."

"Ehe," akasema Rusnani, bila kuinua macho.

"Hujakasirika?"

"Ehe."

"Nitafika kabla ya wali kupoa, inshallah."

"Ehe."

Pak Salae akatoka. Kwa mara ya kwanza maishani alikuwa amepewa hilo neno yeye, mara tatu mfululizo, na ladha yake hakuipenda. Lakini kesho yake alikwenda kwa imamu akampa uwakala mbele ya mashahidi wawili, kisha akaenda kuchukua ukanda.

Jumamosi ikafika, na hali ya hewa ya kuombwa. Milingoti sitini, matundu sitini yenye vifuniko vya hariri, watu kutoka kila jimbo. Pak Salae alikaa kwenye kiti chenye mahali pa mikono, ukanda wa kijani begani, shati limepigwa pasi mpaka linakata. Raundi ya kwanza aliimaliza vizuri. Kama kuna mtu aliona kwamba aliutazama mnara wa msikiti mara nne, hakusema.

Raundi ya pili ilianza saa tatu kasorobo. Upande wa pili wa mtaro uliotenga uwanja na msikiti, wageni wa harusi walikuwa wanaingia msikitini. Na huko msikitini wana tabia moja: ndoa ikifungwa, spika zinafunguliwa, kijiji kizima kishuhudie. Che Mudo alikuwa amemtuma mtu mara mbili kuomba sauti ipunguzwe, na mara zote mbili alijibiwa kwamba nyumba ya Mungu haipunguzwi kwa ajili ya kuku wadogo.

Pak Salae alikuwa chini ya namba thelathini na moja. Alifumba macho, akatia nia, akaiita amin yake. Ikaja, kama inavyokuja siku zote: dunia ikanyamaza, akabaki yeye na ndege. Sauti ya mbele...

"...kwa uwakala wa baba yake ambaye hayupo," ikasema spika, "Rusnani binti Salae..."

Imamu alikuwa anawasomea tu mashahidi majina kabla ya kuanza. Lakini kitu kikagonga kichwani mwa Pak Salae, ngo! Mlinzi aliyelala miaka thelathini na mitano, ambaye hakuamka aliposikia "Salae" mara sita kwenye sikio la kushoto, alipiga mlango kama anayedai deni. Ambaye hayupo. Rusnani binti Salae, ambaye baba yake hayupo.

Alijaribu kurudi kwa ndege. Akakunja uso, akainamisha sikio. Hola! Ile amin ilikuwa imesambaratika. Alisikia kile tunachokisikia mimi na wewe tukipita pale: ndege sitini wanapiga kelele juu ya vijiti na watu wazima wanawapigia kelele chini. Hakumpata hata mmoja. Na kwa kuwa mkono ulikuwa umezoea, kidole kikainuka chenyewe, na kibendera kikachomekwa chini ya namba thelathini na moja.

Uwanja ukalipuka.

"Pak Salae!" Che Mudo alikuja mbio. "Namba thelathini na moja hajafungua mdomo! Anakunywa maji!"

Pak Salae akatazama juu. Kweli, ndege alikuwa anakunywa maji, anainua kichwa kila tone kama mtu mwenye shukrani.

"Unasikia nini, Pak?"

"Sisikii kitu." Akavua ule ukanda, akamvisha Che Mudo begani. "Chukua. Umeupenda siku nyingi."

"Pak, subiri. Ukitoka katikati ya raundi, kanuni zinasema hutarudi tena kuwa jaji. Hata mwakani. Unanisikia?"

"Ehe," akasema Pak Salae, na safari hii alikuwa ndani ya nyumba wakati mlango unagonga. Akaruka mtaro. Kandambili moja ikabaki matopeni, hakuirudia.

Msikitini imamu alikuwa tayari ameshika mkono wa Afandi. Pak Salae aliingia na mguu mmoja wa tope, anahema kama mbuzi aliyekoswa na kisu.

"Uwakala wangu nimeuchukua tena!"

"Alhamdulillahi," akasema imamu, na akasogea haraka, kabla mtu hajabadili nia. "Nenda utawadhe mguu huo kwanza."

Akaosha, akaketi, akaushika mkono wa Afandi. Kiganja cha kijana kilikuwa kimelowa jasho. Nyuma ya pazia wanawake walikuwa wamesogea kusikiliza. Pak Salae akatamka maneno ya walii, neno kwa neno, na jina la binti yake akalitamka polepole. Afandi naye akajibu mbio, kama anayetaja oda jikoni:

"Nimekubalikumwoarusnanibintisalae kwa mahari yaliyotajwa."

"Imesihi," akasema shahidi wa kwanza, yaani ndoa ni sahihi.

"Imesi..." akaanza wa pili.

Pak Salae aliinua kidole.

"Bado."

"Bado nini, Salae?" akauliza imamu.

"Sauti ya mbele fupi. Ya kati kaimeza, jina la mwanangu halikutoka. Ya mwisho sawa. Rudia, kijana."

Afandi akatazama mashahidi. Mashahidi wakatazama dari. Akarudia, polepole.

"Mbele nzuri," akasema Pak Salae, macho kayafumba. "Kati nzuri. Mwisho umetetemeka. Rudia."

"Pak Salae, ndoa imeshasihi toka ya kwanza!" imamu akasema.

"Kwa sheria imesihi. Mimi sijaridhika. Rudia."

Nyuma ya pazia kicheko kikaanza, kidogo kidogo, kikaenea. Afandi akavuta pumzi, akajibu mara ya tatu, jina zima, kila silabi imenyooka. Na bado Pak Salae alikuwa ameinamisha sikio, kidole hewani, kama anayengoja mwangwi. Hapo ndipo sauti ya upole ikatoka nyuma ya pazia.

"Abe."

"Naam?" akajibu Pak Salae papo hapo, akageuka.

Msikiti mzima ukageuka naye.

"Mwachie kijana wa watu. Wali unapoa."

Pak Salae akauachia mkono. "Imesihi," akasema. Spika zilikuwa bado wazi, na inasemekana uwanjani watu waliitikia amin kwa pamoja, hata ndege wakanyamaza kidogo. Che Mudo aliandika kwamba raundi ya pili ilivurugika kwa sababu zisizozuilika.

Ukanda haukurudi. Kila mwaka Che Mudo ndiye anayekikalia kile kiti, na Pak Salae husimama nyuma ya kamba na watazamaji wengine, akikosoa. Cheti chake cha ubongo amekitundika sebuleni, sehemu ya kulia tu. Sehemu ya kushoto Mak Esoh ameiweka ndani ya kabati, kwenye nguo za sikukuu.

Jumapili, kesho yake baada ya harusi, Mak Esoh aliandaa vikombe viwili vya chai, akasimama mlangoni. Mumewe alikuwa upenuni na yule kinda.

"Abe, chai."

Kimya.

"Abe, chai inapoa."

"Ehe."

Mak Esoh hakumwita mara ya tatu. Alihesabu kwa vidole: siku ya pili ya ndoa, siku ya paka, na jana. Mara tatu. Akamshukuru Mungu kwa kidogo alichopewa, akaketi, akanywa chai zote mbili.